Sheria ithamini mtu, si mshahara wake tu

Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000. Nyuma ya kila jeneza hubaki mjane au mgane, watoto, wazazi wakongwe, na pengine mdogo wa marehemu ambaye karo yake ililipwa na marehemu huyo. Familia hizi zinapofika mahakamani kudai haki, huulizwa kwanza aliyekufa alikuwa akipata shilingi ngapi kwa mwezi. Kuuliza hivyo si kosa. Kosa ni kwamba jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Gazeti hili linatamka bila kupepesa macho kwamba sheria ya fidia ya Kenya ina kasoro kubwa. Hulipa mapato yaliyopotea, lakini malezi, uangalizi na ushirika wa ndoa uliokatizwa na uzembe wa mtu mwingine haina mahali pa kuviandika. Wanaoumia zaidi kwa kasoro hii ni jamaa za wasio na hati ya mshahara: mama wa nyumbani, mkulima mdogo, mchuuzi, mzee na mtoto. Bunge limeiacha hali hii kwa muda mrefu mno.

Tuanze na jinsi mambo yalivyo. Mtu akiuawa na gari, madai hujengwa juu ya sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ambayo huwapa wategemezi haki ya kudai. Ya pili ni Sura ya 26, inayoruhusu dai ambalo marehemu mwenyewe angekuwa nalo kuendelezwa kwa manufaa ya mirathi yake. Chini ya hiyo ya pili hulipwa maumivu kabla ya kifo na kupotezewa matarajio ya kuishi. Kwa matarajio hayo mahakama zimezoea kutoa Sh100,000, awe marehemu ni mwanafunzi au mkurugenzi. Na kwa kuwa wanaofaidika na madai yote mawili huwa ni walewale, hakimu hutakiwa kuangalia asije akawalipa mara mbili.

Fedha nyingi hutoka katika sheria ya kwanza, na hapo ndipo hesabu inapoingia. Mahakama huchukua mapato ya mwezi, huyazidisha kwa 12, kisha kwa miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, na mwisho hukata sehemu ambayo angeitumia mwenyewe. Aliyekuwa na familia kwa kawaida huhesabiwa kwamba theluthi mbili za pato lake zilikwenda kwa wategemezi.

Tuchukue mfano. Mwanabenki mwenye pato la Sh200,000 kwa mwezi anafariki akiwa amebakiza miaka 20 ya kazi. Hesabu inatoa Sh32 milioni. Mama wa nyumbani wa umri huohuo anafariki katika ajali ileile. Hana mshahara, kwa hiyo mara nyingi mahakama hukimbilia kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani. Tuseme ni Sh15,000. Hesabu inatoa Sh2.4 milioni. Tofauti ya mapato ni ya kweli na hatuipingi, kwa sababu familia ya mwanabenki imepoteza pato kubwa zaidi. Tunachopinga ni kwamba hesabu inaishia hapo. Mtoto wa mama yule amepoteza mtu aliyemlea, aliyekesha naye alipougua na kumsimamia masomo yake. Sheria inamwambia kwamba amepoteza yaya.

Hata Mahakama ya Rufaa imewahi kuonya dhidi ya kupenda makaratasi kupita kiasi. Mwaka 2005, katika rufaa iliyosikilizwa Kisumu, majaji walikataa hoja kwamba kazi na mapato ya mtu haviwezi kuthibitishwa ila kwa vyeti na nyaraka. Walieleza kwamba msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasioweka kumbukumbu za maandishi ilhali wanajipatia riziki kwa njia mbalimbali. Uamuzi huo uliwafungulia mlango fundi na mchuuzi. Haukutosha kumfungulia mke ambaye kazi yake haikuwa na malipo hata kidogo.

Wanaodhani kwamba hali hii ni ya lazima wasome historia yake. Mwaka 1808 mahakama moja ya Uingereza ilisikiliza dai la mwanamume aliyekuwa amepanda gari la farasi pamoja na mkewe. Gari lilipinduka na mke akafa takriban mwezi mmoja baadaye. Jaji, Lord Ellenborough, aliamua kwamba kifo cha binadamu si jambo la kulalamikia katika kesi ya madai. Mume akalipwa pauni 100 kwa majeraha yake mwenyewe na kwa siku zile tu ambazo mkewe aliugua. Kwa kanuni hiyo, aliyemvunja mtu mguu alilipa, na aliyemuua papo hapo akaenda zake bila deni. Ajali za reli zilipozidi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mwaka 1846 iliyowapa wategemezi haki ya kudai. Sura ya 32 ya Kenya ni mjukuu wa sheria hiyo.

Maneno ya sheria yenyewe hayakuwa na ubahili. Yalisema wategemezi walipwe kadiri ya madhara waliyoyapata kutokana na kifo, bila kutaja kuwa madhara hayo ni lazima yawe ya kifedha. Ni majaji, katika kesi ya kampuni ya reli mwaka 1852, walioamua kwamba majonzi ya mjane hayahesabiwi. Hata Waingereza walikuja kuona dosari hiyo. Mwaka 1982 waliweka katika sheria yao fidia maalumu ya msiba, ambayo tangu Mei 2020 ni pauni 15,120 kwa Uingereza na Wales. Scotland imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2011 inawapa jamaa wa karibu fidia kwa huzuni yao na kwa kukosa ushirika na uongozi wa marehemu. Sisi tumebaki tumeshika tafsiri ya enzi za makaa ya mawe.

Kuna upande wa pili unaosahaulika kabisa, nao ni wa majeruhi aliyebaki hai. Dereva mlevi anamgonga mwendesha bodaboda na kumvunja uti wa mgongo. Majeruhi atadai gharama za matibabu, maumivu na kipato. Lakini mkewe naye amebadilishiwa maisha. Sasa humgeuza kitandani usiku, humwogesha, ameacha biashara yake sokoni, na ndoa yake imebaki jina. Je, ana dai lake mwenyewe?

Sheria ya mapokeo tuliyoirithi kutoka Uingereza, ambayo Kenya iliipokea jinsi ilivyokuwa Agosti 12, 1897, ilitoa dai la aina hiyo kwa mume peke yake. Mume angeweza kudai kwa kukosa huduma na ushirika wa mkewe aliyejeruhiwa, sawa na tajiri aliyepotezewa kibarua. Mke hakuwa na haki hiyo, kwa sababu mbele ya sheria huduma za mume hazikuwa mali yake. Mwaka 1952 majaji wakuu wa Uingereza walikataa kumpa mke dai hilo, na mwaka 1982 Bunge lao likaliondoa hata kwa mume. Marekani ilichagua njia nyingine. Mahakama ya rufaa ya Washington mwaka 1950 ilimpa mke haki sawa na mume, na majimbo mengi yakafuata. Uingereza ilileta usawa kwa kuwanyang'anya wote, Marekani ikauleta kwa kuwapa wote.

Kenya haijachagua. Hakuna kifungu cha sheria kinachosema waziwazi kama mke, mume au mtoto wa majeruhi ana dai lake. Mlalamishi na wakili wake hubaki wakibahatisha, wakitegemea hakimu waliyempata na kesi za zamani alizosomewa. Wakati huohuo Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 inatamka kwamba mume na mke wana haki sawa ndoa inapofungwa, inapoendelea na inapovunjika. Kanuni ya mwaka 1897 iliyomfanya mke kuwa mtumishi wa mumewe haiwezi kusimama mbele ya ibara hiyo hata siku moja. Bunge ndilo lenye wajibu wa kusema ni nini kinachochukua nafasi yake.

Na Bunge haliwezi kudai kwamba jambo hili ni geni kwake. Mwaka 2013 lilipitisha Sheria ya Mali ya Ndoa. Sheria hiyo, inapoeleza mchango wa mwanandoa, haikuishia kwenye fedha. Ilitaja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shamba. Ilitaja pia ushirika, yaani ule ukaribu wa kuishi pamoja na kutegemeana. Kwa hiyo mke wa Kenya akiachana na mumewe, anaweza kusimama mbele ya jaji akadai sehemu ya mali kwa sababu alilea, alilima na alikuwa mwenza. Mwaka 2021 Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu ya Nakuru alieleza kwamba kazi ya mama wa nyumbani ni kazi kamili inayostahili kuthaminiwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu kiotomatiki na kila upande uthibitishe mchango wake, lakini haikuondoa mchango usio wa fedha katika mizani.

Jirani zetu walifika hapo mapema. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Uamuzi huo umesomwa na kutajwa na wanasheria wa Afrika Mashariki kwa miongo minne sasa.

Basi tutazame matokeo yake. Mke akiondoka nyumbani kwa talaka, sheria za Kenya zinasema ushirika na kazi zake vina thamani. Mke huyohuyo akiuawa na lori lisilo na breki Salgaa, mwenye lori anaambiwa alipe mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na thamani mbele ya hakimu wa talaka kikawa bure mbele ya hakimu wa ajali. Huo ni mkanganyiko ambao hauna utetezi, na mzembe ndiye anayeufaidi.

Wakenya wamewahi kuona sheria ya namna nyingine ikifanya kazi. Baada ya mabomu ya Agosti 7, 1998 kuua watu 224 Nairobi na Dar es Salaam, waajiriwa wa balozi za Marekani na jamaa zao waliishtaki Sudan katika mahakama ya shirikisho mjini Washington. Katika hukumu za mwaka 2014 mahakama hiyo iliwahesabu jamaa kwa majonzi yao wenyewe: dola milioni 8 kwa mwenza wa aliyekufa, milioni 5 kwa mzazi, na milioni 2.5 kwa ndugu. Jamaa wa majeruhi walipewa karibu nusu ya viwango hivyo. Fedha zilizotoka hatimaye zilikuwa kidogo mno, kwa sababu suluhu ya mwaka 2020 iliiruhusu Sudan kulipa jumla ya dola milioni 335 kwa waathiriwa wa mashambulizi kadhaa. Wapita njia na waliokuwa katika majengo jirani hawakuwa na njia hiyo. Hata hivyo kanuni ilitamkwa, na Wakenya na Watanzania walikuwa miongoni mwa waliotamkiwa.

Kanuni hiyo ilijirudia baada ya Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilipoanguka na kuua watu wote 157, Wakenya 32 wakiwa miongoni mwao. Familia ziliishtaki Boeing huko Chicago, na mwaka 2021 kampuni hiyo ilikubali mahakamani kwamba inawajibika. Sheria ya jimbo la Illinois inataja waziwazi huzuni na majonzi ya walioachwa kuwa madhara ya kulipwa. Hatusemi Kenya iige viwango vya Marekani; uchumi wetu hauvibebi. Tunasema ni aibu kwa Mkenya kulazimika kuvuka bahari ndipo aulizwe mkewe alikuwa nani kwake, wakati aliyefiwa kwenye barabara ya Mombasa haulizwi.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Wapo watakaosema kwamba upendo hauna bei. Ni kweli hauna. Mguu nao hauna, jicho halina, wala maumivu ya saa moja chini ya matatu iliyopinduka. Mahakama hulipa hayo yote kila siku, kwa sababu fedha ndiyo njia pekee iliyo nayo ya kutambua dhuluma. Anayetaka upendo uachwe nje kwa heshima yake anamsaidia aliyeua, hamsaidii aliyefiwa.

Kampuni za bima zitasema ada zitapanda. Pingamizi hili lina uzito zaidi, na tunalijibu hivi: fidia ya msiba iwe kiasi kimoja kinachojulikana, kilichowekwa na sheria, si uwanja wa kila hakimu kukisia. Kiasi kinachojulikana hupangiwa bei kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kampuni hizo zimekwisha kulindwa na sheria inayoweka ukomo wa Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja, na kinachozidi hapo familia hukimbizana na mwenye gari. Kama kampuni za bima zina hofu ya gharama, zielekeze nguvu zao kwa magari mabovu zinayoyapa vyeti.

Watasema pia kwamba madai bandia yataongezeka. Madai bandia yapo hata leo na ni wizi. Dawa yake ni kuwafungulia mashtaka mawakili, madaktari na madalali wanaoyatunga. Mwenza na mtoto si vigumu kuwathibitisha: kipo cheti cha ndoa, kipo cheti cha kuzaliwa, na ipo barua ya chifu ambayo mahakama zetu huipokea kila siku. Kwa ndoa za wake wengi, ambazo sheria ya mwaka 2014 inazitambua, kiasi kigawanywe kwa haki miongoni mwa wenza na watoto wote.

Gazeti hili linataka mambo manne, na linayataka katika kipindi hiki cha Bunge.

Kwanza, Sheria ya Ajali za Vifo irekebishwe iweke fidia ya msiba kwa mwenza, watoto na wazazi, iwe kiasi kimoja kwa kila marehemu bila kujali pato lake, na kipitiwe upya mara kwa mara kulingana na kupanda kwa gharama za maisha. Tusirudie kosa la ile Sh100,000 ambayo imerudiwarudiwa huku shilingi ikizidi kupungua nguvu.

Pili, malezi, kazi za nyumbani na uangalizi wa wagonjwa na wazee vitajwe katika sheria kuwa hasara inayolipwa kwa thamani yake kamili. Mama anayelea watoto watatu, kulima na kumtunza mama mkwe hafanyi kazi ya mtu mmoja wa kima cha chini.

Tatu, mwenza na watoto wa mtu aliyelemazwa wapewe dai lao, sawa kwa mume na mke, na kanuni ya mwaka 1897 izikwe rasmi.

Nne, orodha ya wategemezi ipanuliwe. Leo Sura ya 32 inawataja mke, mume, mzazi na mtoto. Ndugu aliyelelewa na kusomeshwa na kaka au dada yake hana nafasi katika dai la utegemezi, hata akithibitisha kwamba hakuwa na mwingine wa kumtegemea. Katika nchi ambayo mzaliwa wa kwanza mara nyingi ndiye baba wa wadogo zake, pengo hilo ni dhuluma.

Majaji nao wasijifiche nyuma ya Bunge. Sura ya 32 inawaruhusu kutoa fidia kulingana na madhara, na kuyafunga madhara hayo katika fedha pekee ilikuwa kazi ya majaji wa kigeni. Waliofunga walikuwa majaji, na majaji wanaweza kufungua. Wanayo Katiba, wanayo sheria ya mwaka 2013, na wanao mfano wa Nyalali. Mawakili nao waache kuandika madai kwa kunakili. Waulete mbele ya mahakama ushahidi wa kazi na nafasi ya marehemu katika nyumba yake.

Kwa wasomaji wetu waliofiwa au wanaouguza majeruhi, hadi sheria ibadilike, msikae kimya. Dai la ajali lina muda wa miaka 3, na likiwa dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Chukueni ripoti ya polisi mapema, hifadhini risiti za mazishi na matibabu, tafuteni barua ya chifu na idhini ya kusimamia mirathi. Msimamizi asipofungua kesi katika miezi 6, wategemezi wenyewe wanaruhusiwa kuifungua. Na mnaposimama kizimbani kutoa ushahidi, elezeni yote ambayo marehemu alikuwa akiyafanya nyumbani, hata kama hakuna aliyewauliza.

Wabunge hulalamika kila ajali inapotokea, hutuma rambirambi na kuahidi hatua. Rambirambi hazimlei yatima. Mswada wa kurasa chache ungewafaa waliofiwa kuliko hotuba zote za matanga, na hadi utakapowasilishwa, lawama ya kila mjane anayelipwa kwa bei ya kibarua itakuwa juu ya Bunge.